Aliyeandika Anataka Nini

Ornella, mwanafunzi wangu, alikuwa bado amesimama, na prefe, mkuu wetu wa shule, alikuwa amevua miwani. Hapo nilijua nimemshinda Sévère, na kwamba ushindi ule utanitokea puani.

Sévère sikumpenda, sisemi uongo. Alifundisha kusoma Kifaransa kama katekisimu: kifungu ubaoni, yeye anasoma, darasa linasoma pamoja naye, mpaka watoto wanakikariri bila kujua kinasema nini. Mimi niliwaacha wangu wakieleze kwa Kiswahili cha kwetu Mulongwe, kisha nawauliza: aliyeandika anataka nini? Sévère akaniita mwalimu wa domo. Nikamwita kasuku mbele ya walimu wote, na roho yangu ikatulia.

Prefe alichoshwa na ugomvi wetu. Akaamua madarasa yetu mawili ya mwaka wa tano yapewe kifungu kimoja kigeni; mwalimu atakayeshindwa ashushwe mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimefundisha wale wakubwa miaka kumi na mmoja. Kama ningeshushwa mbele ya Sévère, ningekufa kwa aibu.

Wanafunzi wake walisoma vizuri ajabu. Walipoulizwa maana, wakarudia sentensi zilezile. Nilicheka moyoni, Mungu anisamehe.

Kifungu kilisema mwanafunzi asiyefika siku ya mafuriko hapendi shule. Jina la mwandishi halikuwepo.

“Aliyeandika anataka nini?” prefe akawauliza wangu.

Ornella alisimama. “Anataka mto ikitukatia njia, kosa ikuwe yetu. Ye hakai karibu na mto.”

Aliyeandika alikuwa prefe mwenyewe. Nililielewa hilo alipoikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

“Nani alikufundisha kusema hivi?”

Ornella akanigeukia. Darasa zima likanigeukia. Nikaanza kufuta ubao uliokuwa safi.

Ornella alifukuzwa shule wiki mbili. Mshindi hakutangazwa, mimi na Sévère kila mtu akabaki na darasa lake, na chuki yake.

Aliporudi, Ornella aliniomba ruhusa ya kuhamia kwa Sévère. Nilikasirika.

“Kwa yule? Utajifunza nini kule?”

“Hakuna, Madamu Concilie,” alisema kwa heshima. “Lakini ye, kile anafundisha watoto kusema, anakisemaka pamoja nao.”

Nilimwandikia ruhusa palepale, nimeinamisha kichwa.