Nyuso za Wodi ya Nyuma

Kila Jumatatu asubuhi gari la polisi liliwachukua wanawake wa mtaa ulio nyuma ya kambi ya jeshi, likawapeleka hospitalini kupimwa, maana sheria ilisema afya ya askari ni mali ya taifa. Askari wenyewe hawakupimwa. Daktari alieleza kuwa kumvua mwanamume nguo na kumkagua ni kumvunjia heshima, na heshima ikivunjika haina dawa.

Jumatatu moja alimkagua mwanamke ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Mgongoni alikuwa na vipele vilivyojipanga vikafanya uso wa mtu, hadi masharubu. Muuguzi alisogeza taa, akasema ni hakimu. Daktari akakubali, akanawa mikono, akaita mwingine. Huyo mgongoni alikuwa na sura ya kamanda wa kambi, hata kovu la kwenye paji halikukosekana.

"Basi mmeshajua pa kuanzia, daktari," alisema Chiriku. "Aliyeniambukiza ndiye huyo. Mwiteni."

Daktari alimweleza kwa upole kwamba chanzo cha maradhi haya ni mwanamke. Mwanamume yanampata tu, kama mvua impatavyo mpita njia. Akawafungia wote wodi ya nyuma hadi wapone. Hakimu, yule yule wa mgongoni, akawaongezea kifungo kwa kosa la kubeba sura za waheshimiwa bila idhini. Wakashonewa magauni ya kola ndefu ya kuzificha sura hizo.

Siku chache baadaye mke wa daktari aliingia wodini, akaketi kitandani kwa Chiriku, akampa mgongo na kufungua vifungo.

"Nitazamie, mdogo wangu. Mume wangu ananiambia ni joto."

Daktari alikuwa pale mgongoni, na miwani yake, ametulia kama picha ya sebuleni. Chiriku alimfunga vifungo. Kisha akamtajia jina la ugonjwa na sindano ya kuomba. Mke wa daktari akalia bila sauti, akashukuru, akaenda zake; mlinzi alimfungulia mlango na kumpigia saluti.

Jioni daktari alimdunga mkewe sindano nyumbani, mapazia yameshushwa, akimpa pole kwa kila hatua.

"Na wewe?" mkewe aliuliza.

"Mimi ni mzima," alisema daktari. "Sijawahi kupimwa."