Nasikia

Mume wangu ni mwonjaji wa chai kiwandani. Anafyonza kijiko kwa kelele, anatema, kisha anasema hii imeungua kidogo, ile ililazwa karibu na sabuni. Wenzake walimbatiza jina la Pua. Kwa ajili ya pua hiyo, tangu tuoane sikuwahi kujipaka hata mafuta ya kunukia, yasije yakamharibia kazi.

Sasa Pua hana pua. Mafua makali yalimshika, yakaondoka nayo. Kiwandani wamemvumilia mpaka wamechoka. Kesho meneja atampangia vikombe, na asipovitofautisha, hatuna mbele wala nyuma.

Ndiyo maana nilinunua manukato makali, huenda yakaizindua pua yake. Muuzaji aliponipulizia mkononi, yeye mwenyewe alirudi nyuma. Si waridi, si udi. Ni majani yaliyong'olewa na mizizi yake, udongo uliolowa, utomvu unaokwaruza koo, na chini kabisa ukungu wa ukuta mbichi. Nilijiona kama nimelala shambani mvua ikininyeshea.

"Haya ni ya watu wachache, dada," aliniambia.

Nikamjibu kwamba mimi namtaka mmoja tu.

Nikawa najipaka shingoni, viganjani, hata kwenye kilemba. Mafundi rangi wenzangu walisema nimezikwa nikafukuliwa. Wifi yangu alipokuja kutujulia hali, alifungua madirisha yote kabla hata ya salamu.

"Wifi, unanuka!"

"Nanukia," nilimsahihisha.

"Unamnukia nani?"

Niliyekuwa namnukia alikaa palepale na gazeti lake, hana habari.

Kila jioni namwinamia. "Unasikia?"

"Nakusikia, mke wangu."

"Sikuulizi sauti! Harufu!"

Anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, halafu ananitazama kama mtu aliyepoteza funguo. Basi namsimulia: hapa majani, hapa udongo uliolowa, hapa utomvu. Siku moja nilipandwa na hasira nikapiga meza, kana kwamba anafanya makusudi. Aliniomba radhi, nami nikajichukia.

Leo nimeshinda nikikwangua rangi kwenye milango ya watu. Nimenawa kwa mafuta ya taa mpaka viwikoni, mengine yakanimwagikia kifuani. Manukato sikujipaka hata tone, maana asubuhi niliondoka mbiombio. Jirani aliponiona nakaribia alinikimbia na sigara yake.

Pua alinyanyuka kitini akitabasamu. Akanishika mabega, akaweka uso shingoni pangu, akavuta pumzi taratibu, kikazi kabisa.

"Nasikia," alisema.

"Unasikia nini?"

"Majani. Udongo uliolowa. Na ule utomvu, mke wangu, ule unaokwaruza koo."

Maneno yangu yaleyale, kwa mpangilio uleule. Nikajua kwamba kesho atasimama hivi hivi mbele ya vikombe, na huko hakuna wa kumsimulia kwanza. Nilitaka kulia, nikapiga moyo konde.

"Vipi, nimepatia?"

"Umepatia, Pua." Mikono niliificha nyuma.

Akacheka, akanisukuma kidogo kama zamani. "Basi nenda kaoge. Yasije yakanikaa kwenye nguo za kazi."

Nikaenda bafuni kuyaosha manukato ambayo sikujipaka.