Uzito wa Ngazi

Jumamosi mchana, Desimali alikuwa ameketi kwenye meza ya chumba cha uani, nyumbani kwa shangazi yake, akichonga penseli kwa kisu cha jikoni. Mbele yake palikuwa na zoezi la mwisho la muhula: swali moja la takwimu, moja la fizikia, moja la fedha na moja la uchumi. Wanafunzi wote wa mwaka wa pili walilazimika kulifaulu zoezi hilo, na aliyepata chini ya nusu aliondolewa chuoni. Jina la Desimali alipewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kukadiria jibu. Walimpa kwa chuki, naye alilipokea hivyo hivyo.

Vitu na watu waliotajwa kwenye maswali walikuwa wameshafika, kama ilivyokuwa kawaida kila zoezi lilipotolewa. Sanduku la balbu la swali la kwanza lilikuwa kando ya mlango. Baadhi ya balbu zilikuwa mbovu, na mwanafunzi alitakiwa kutafuta uwezekano wa kuokota nzima mbili mfululizo. Binamu yake alikuwa ameshachukua moja na kuifunga chooni, hivyo hesabu ilibidi ianze upya. Mstaafu wa swali la tatu alikaa kwenye benchi ukumbini, amepakata riba yake, nayo ilinenepa mapajani mwake kwa kila mwaka uliotajwa. Langoni walisimama wauzaji wawili wa swali la nne, kila mmoja akimsubiri mwenzake ashushe bei. Shangazi alikuwa ametangaza kwamba atakayeshusha wa kwanza atapewa kiti. Hakuna aliyeketi.

Swali la pili lilikuwa dirishani. Mpaka rangi mwenye kilo sitini alikuwa ameegemeza ngazi ya mbao ukutani. Ngazi ilikuwa na urefu wa mita sita na uzito wa kilo arobaini. Karatasi ilisema kwamba ukuta ni laini kabisa na ardhi ina msuguano kiasi, kisha ikauliza mtu huyo anaweza kupanda umbali gani kabla ngazi haijateleza. Mpaka rangi alichagua nyumba ya shangazi kwa sababu lipu yake ndiyo pekee mtaani iliyolingana na maelezo. Hata mijusi ilikuwa ikianguka.

"Binti," mpaka rangi alisema, "umefika wapi?"

"Ndiyo kwanza nachora."

"Chora haraka. Na ngazi uichore na uzito wake. Wenzako huwa wanausahau, wanadhani nimeegemeza ufagio."

"Umeanza kunifundisha, fundi?"

"Sikufundishi. Nakutisha."

Alipandisha suruali. Mguu wake wa kulia ulikuwa na mikunjo mahali ambapo mguu haukunjiki. Kila kundi la mwaka wa pili lilikuwa limemwachia mkunjo wake. Hakupanda kwa hiari, alieleza, wala kwa akili yake. Kila mwaka alipanda hadi kwenye jibu lililopigiwa tiki, si zaidi wala si pungufu, mara tu Daktari alipomaliza kusahihisha. Daktari ndiye mhadhiri wa somo, na mwongozo wa majibu ulikuwa wake.

Desimali alikokotoa momenti, yaani nguvu zinazotaka kuizungusha ngazi kwenye mguu wake. Aliweka uzito wa mtu mahali pake na uzito wa ngazi katikati ya ngazi. Alipata mita mbili kamili. Alikagua tena kwa njia nyingine, akapata mita mbili kamili.

Mpaka rangi alivitazama vipandio. "Mita mbili ni kipandio cha tano," alisema. "Hicho nakijua, ni kizuri. Cha sita ndicho kinachoniua."

"Mbona hujafa?"

"Sijafa kwa sababu swali linahitajika mwakani."

Binamu, mtoto wa shangazi, aliamka kutoka kitandani alikokuwa akisubiri jibu ili alinakili. Alisoma karatasi ya Desimali juu ya bega lake, akacheka, kisha akatoa chini ya mto kazi ya mwanafunzi wa mwaka uliopita.

"Mita mbili nukta nne," alisema. "Hii hapa, imepigiwa tiki. Na ya mwaka juzi ilikuwa hivyo hivyo."

"Aliyeikokotoa amesahau uzito wa ngazi."

"Aliyeikokotoa ni Daktari."

"Basi Daktari amesahau."

"Sema kwa sauti, mama asikie. Unakula kwetu, unalala kwetu, halafu unamzidi Daktari. Tena wewe ndiye Desimali, na jibu lenye nukta ni langu!"

"Chukua nukta yako ukalale nayo."

Shangazi alifika mlangoni na mwiko mkononi. Hakuuliza kilichotokea, kwa kuwa hakuwa na desturi hiyo.

"Nisikilizeni," alisema. "Mkifeli, mwanangu nitamtafutia chuo kingine. Wewe utarudi ulikotoka, na kitanda nitampangisha mtu mwingine." Kisha akamgeukia mpaka rangi. "Na wewe! Ukuta wangu utaumaliza lini? Kila mwaka unapaka hadi kiunoni, unaanguka, unaondoka. Nyumba imevaa kaptula."

"Mwulize Daktari, mama," mpaka rangi alijibu.

Jumatatu Desimali na mpaka rangi walikwenda kumuuliza. Katibu muhtasi alimwambia mpaka rangi aache ngazi nje. Yeye akasema hawezi, maana swali halimtaji mmoja bila mwenzake. Katibu akafikiri kidogo, akasema basi waipitishe mbali na feni, na wafute miguu.

Daktari alikuwa akinywa chai. Hakuinua uso.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Sema haraka."

"Ni swali la pili. Mwongozo umeacha uzito wa ngazi."

"Nani kakuonyesha mwongozo?"

"Mguu wake."

Daktari aliutazama mguu kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa. "Ngazi ni nyepesi," alisema. "Tunaichukulia haina uzito."

"Swali linasema kilo arobaini."

"Hiyo ni habari ya ziada. Imewekwa kupima umakini."

Mpaka rangi aliilaza ngazi juu ya meza. Kioo cha meza kilipasuka kutoka pembe hadi pembe, na mguu mmoja wa meza ukapinda. Daktari alikuwa ameshainua kikombe chake, kwa hiyo chai haikumwagika. Katibu alichungulia mlangoni.

"Chukulia haijavunjika," Daktari alimwambia, naye akafunga mlango.

"Daktari, huyu mtu anavunjika kila mwaka," Desimali alisema.

"Swali haliulizi kama anavunjika. Linauliza umbali." Daktari akanywa chai. "Mkuu wa idara alifaulu kwa jibu hilo. Wakaguzi wa majengo wa mji huu walifaulu kwa jibu hilo. Unataka niwaite wote warudishe vyeti kwa ajili ya kipandio kimoja?" Akamgeukia mpaka rangi. "Wewe umewahi kulalamika kwa maandishi?"

"Mikono yangu ina ndoo na brashi. Ndivyo ulivyoniandika."

"Basi hujalalamika." Daktari aliweka kikombe chini, akamtazama Desimali kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye unayebishana kila zoezi. Najua alama zako, na wewe unazijua. Swali hili ni nusu ya alama zote. Andika mita mbili, uone."

Walirudi kwa miguu. Watu waliokutana nao walipisha ngazi na kutukana kidogo, kama wanavyotukanwa wote wabebao vitu virefu. Karibu na nyumba mpaka rangi alisimama.

"Utaandika ngapi?"

Desimali aliinama, akavitazama viatu vya fundi.

"Nimekuuliza wewe. Acha kuvitazama viatu vyangu, havijasoma fizikia."

Jioni hiyo Desimali aliketi tena mezani. Binamu alikuwa ameshamaliza kunakili na alikuwa akipiga mluzi. Shangazi alipita uani mara kadhaa bila haja, akiwa na shuka la mpangaji mpya begani ili lionekane. Mpaka rangi aliegemeza kiwiko dirishani akatazama.

Desimali alichukua kifutio. Kwanza alifuta mshale wa uzito katikati ya ngazi, na huko nje ngazi ikawa nyepesi kiasi kwamba upepo uliitikisa. Kisha alifuta mita mbili. Aliandika mita mbili nukta nne, akapiga mstari chini yake kwa rula. Nje, ngazi ilipata uzito wake tena, maana karatasi ya swali ilikuwa bado inasema kilo arobaini.

"Kifutio chako kizuri," mpaka rangi alisema. "Hakiachi alama."

"Nikiandika mbili nitafukuzwa, na wewe utaanguka vilevile kwa jibu lao."

"Najua. Hesabu yako huwa haikosei. Ndiyo maana nakuchukia kuliko huyo anayepiga mluzi. Yeye hajui kilichomo kwenye karatasi yake."

"Nitakuwekea godoro."

"Weka," alisema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwekewa.

Siku ya kusahihisha, Desimali aliburuta godoro lake mwenyewe hadi chini ya ngazi. Shangazi alilalamika kwamba litachafuka, binamu akauliza kama anamtandikia mchumba. Alasiri mpaka rangi alihisi mguu ukimwita. Alichovya brashi, akaanza kupanda huku akipaka. Kwenye kipandio cha tano alitulia. Alipaka hapo taratibu na vizuri, akapita kila sehemu mara mbili, na kwa muda ule alionekana kama fundi mwingine yeyote mwenye kazi ya kumaliza.

Kisha akainua mguu hadi cha sita.

Ngazi iliteleza. Godoro likasogea pembeni lenyewe, kwa kuwa halikuwemo katika swali. Mpaka rangi alianguka pale alipoanguka miaka yote, na ndoo ikamfuata.

"Rangi yangu!" shangazi alipiga kelele kutoka jikoni.

Desimali alitoka akamshika mkono ili amwinue. Mpaka rangi aliuondoa mkono wake.

"Umepata ngapi?" aliuliza akiwa chini.

Matokeo yalikuwa hayajabandikwa, lakini mkunjo mpya mguuni uliwaonyesha wote wawili jibu lililopigiwa tiki.

"Zote," Desimali alisema.

"Hongera. Nipishe."

Aliinuka kwa kutumia ngazi, akajitwisha, akaondoka akichechemea kupita langoni. Wauzaji wawili walimpisha njia. Walikuwa wamekubaliana bei mchana ule, na sasa walikuwa na haraka ya kwenda kukosana kwingine. Mstaafu alishaondoka asubuhi na riba yake, ikimtangulia kwa kamba. Zilibaki balbu, ambazo shangazi alizigawa kwa majirani, nzima na mbovu pamoja, bila kuwaambia uwezekano.

Binamu alifaulu. Shangazi aliwaambia majirani kwamba mwanawe amemvuta binamu yake kwa shida, maana msichana alitaka kuleta ubishi.

Mwaka uliofuata Daktari alimchukua Desimali kuwa msaidizi wake wa kusahihisha. Alisema anahitaji mtu makini, na kwamba ubishi wake umekomaa. Desimali alibaki kwenye chumba cha uani, ila sasa shangazi alimwita Mwalimu na kumpa kiti chenye mgongo. Binamu alipewa kigoda. Wenzake waliacha kumwita Desimali; hawakumwita jina jingine lolote.

Zoezi la mwisho la muhula lilipokusanywa, alilisahihisha hapo mezani, mwongozo ukiwa upande wa kushoto na chai upande wa kulia. Mpaka rangi alikuwa dirishani tangu asubuhi. Hawakusalimiana. Karatasi zilikwenda upesi: mita mbili nukta nne, tiki, mita mbili nukta nne, tiki. Karibu na mwisho wa rundo alikuta karatasi iliyokunjwa pembe. Mwanafunzi alikuwa amechora ngazi kwa uangalifu, akaweka mshale wa uzito katikati yake, akapata mita mbili kamili. Chini alikuwa ameandika: *Naomba nieleweshwe kama nimekosea.*

Aliipitia mstari kwa mstari. Aliipitia tena kwa njia nyingine.

"Umekwama sana hapo," mpaka rangi alisema. "Yupo aliyepata?"

"Yupo mmoja."

"Mtu gani?"

"Simjui. Mwandiko mbaya."

Mpaka rangi alingoja. Desimali alichukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya kosa, na kando yake akaandika kwa hati nzuri: *Ngazi ichukuliwe haina uzito.* Kisha akamaliza karatasi zilizobaki na kuifunika kalamu.

Nje, ndoo iligonga ngazi.

"Nikuletee godoro?" aliuliza bila kugeuka.

"Kaa na chai yako, Mwalimu."

Alimsikia akipanda. Vipandio vya mbao vililia kimoja baada ya kingine, na kwenye cha tano kukawa kimya kirefu, isipokuwa brashi iliyokwenda juu na chini ukutani. Brashi iliponyamaza, Desimali aliinua kikombe chake kutoka mezani, akakishika juu kwa mikono miwili ili kishindo kisiimwage chai.