Safu Mia Mbili za Mwisho

Kila asubuhi saa moja kasoro robo, kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa, karani wa hospitali aliipasha mashine moto. Ndivyo alivyoita kule kuchota safu mia mbili za mwisho za jedwali la wagonjwa kutoka kwenye diski na kuziweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, karibu na mkono, kama mpishi anavyosogeza chumvi. Asipofanya hivyo kila jina lilitafutwa dakika nzima, na foleni ikaanza kumtukana mama yake, ambaye hana kosa lolote.

Jumanne hiyo alibonyeza, mashine ikavuma, na mke wa mdogo wake akatokea kwenye benchi la mapokezi. Walikuwa kumi na mmoja, kwa sababu katika zile safu mia mbili alikuwamo mara kumi na moja. Kila mmoja alikuja na jeraha la siku yake, bado bichi. Huyu mdomo umepasuka, yule mkono unaning'inia, mwingine anashikilia sikio lisidondoke. Wa mwisho alikuwa na meno yake mawili kiganjani.

"Wifi, umeamkaje?" wakasema kwa pamoja.

"Salama. Msichafue sakafu, imepigwa deki sasa hivi."

Benchi lenyewe alilichonga mdogo wake karani, mume wa hao kumi na mmoja. Sifa yake apewe, halikuyumba. Lakini kilichompa jina zaidi ni ngazi. Nusu ya maghorofa ya mji yalipandwa kwa ngazi zake. Kwake mwenyewe nyumba ni ya chini, haina hata kidato kimoja, na mkewe alikuwa ameanguka kwenye ngazi mara kumi na moja. Ndivyo karani alivyoandika, kwa vidole vyake, kwenye sehemu ya chanzo cha jeraha.

"Wifi," alisema mwenye meno kiganjani, "zifungue hizo safu, uandike nyundo. Polisi wanalisoma jedwali lako kila Ijumaa. Usipoandika leo, mimi hiyo Ijumaa siioni."

"Mdogo wangu yule. Nimembeba mgongoni."

"Na mimi yeye ananibeba. Mpaka hapa mapokezi."

Mwenye mdomo uliopasuka akacheka, damu ikamrukia mfagizi kwenye kiatu.

Karani akaifungua safu ya kwanza. Akaitazama, akaifunga.

"Nitaandika kesho," alisema.

Wagonjwa wakaingia, wakabanana na kina wifi. Mzee mmoja alinung'unika kwamba kuna familia zinajijazia hospitali nzima.

Saa kumi alasiri seremala aliingia amembeba mkewe begani kama ubao. Kichwa kilikuwa kimebonyea upande mmoja, duara safi, kama kazi zake zote.

"Dada, huyu mwanamke na ngazi, sijui nimfanyeje!"

"Pole, mdogo wangu," alisema karani, na vidole vikaandika kama vilivyozoea.

Jumatano akaipasha mashine moto. Kina wifi walitokea kumi na wawili. Kumi na mmoja walisimama ukutani, maana wa kumi na mbili alihitaji kulala, na benchi lilimtosha sawasawa, kama vile alipimiwa. Mfagizi akawaomba wainue miguu, mmoja mmoja, apitishe deki.

Karani akafungua dirisha. Siku hiyo foleni ilikwenda haraka sana.