Wembe wa Mwisho wa Zébédée

"Yaya Noémie, bwana yako alishakufa. Sasa hizi mashini za kunyoa ndevu unachungia nani?"

Gisèle, jirani yake, aliuliza hivyo akicheka, siku moja alipomkuta Noémie akizipaka mafuta barazani, kabla vita haijafunga reli ya Kamina. Noémie alicheka naye, akaendelea kupangusa. Alizitunza tu.

Marehemu mumewe Zébédée, karani wa stesheni, alizikusanya tangu ujana. Zenye majina makubwa hakuzitaka: "Ile kila muntu iko nayo." Alipenda za mafundi wadogo wasiojulikana, wengine hata majina yao yamefutika kwenye chuma: moja ina meno kama kitana, nyingine mpini wake umesokotwa kama kamba. Nyingi zilikataa wembe wa sokoni. Kila moja ilitaka wa kwake, na wa kwake hautengenezwi tena. Ile ya kamba tu ndiyo iliyobaki na wembe mmoja, mpya, ndani ya karatasi yake ya mafuta, katika kopo la mashini.

"Huu wembe njo roho yake," Zébédée alizoea kusema. "Ukitoka, inabakia chuma tu."

Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Noémie aliigusa ile karatasi, akamshukuru Mungu kwa mwanaume aliyempa.

Vita ikaja. Kabange, mume wa Gisèle, alikuwa ameenda Kabongo kutafuta mahindi, hakurudi. Waliotoroka huko wakasema amekufa. Watu wakamlilia, Gisèle akanyolewa kichwa, matanga yakaisha.

Kisha asubuhi moja Kabange huyo kasimama uani, mzima, ndevu kama kichaka, watoto wake mwenyewe wanamkimbia. Vigelegele vikapigwa. Lakini mjomba wake, mzee Mwamba, aliweka fimbo mlangoni.

"Muntu mwenye balishaka kulilia, haingiake mu nyumba na ndevu ya kifo. Bamunyoe kwanza. Na wembe mupya, wenye haujagusa muntu."

Wembe mpya utoke wapi? Treni haiji, sokoni hata kiberiti ni hadithi. Gisèle alizunguka mtaa mzima, akarudi mikono mitupu. Kwa Noémie hakubisha, aibu ya kile kicheko chake ilimzuia. Kabange alikaa juu ya kinu, akiutazama mlango wake kama mgeni.

Noémie aliyaona yote kutoka upande wa pili wa ua. Akaingia ndani, akafungua kopo, akaishika ile karatasi muda mrefu kuliko Jumapili zote.

"Aksanti, Mungu wangu," akasema, "kwa kunichungia huu wembe pia." Akautia wembe kwenye mashini ya kamba, akachukua sabuni na kitambaa, akamwendea Kabange.

Mikono yake haikuwa imesahau. Zébédée alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa. Hakukaza, aliuacha uzito wa chuma ukate wenyewe.

"Polepole, mama," Kabange akanong'ona ndani ya povu. "Mabombe yaliniacha, weye usinimalize!"

"Nyamaza, baba, nisikukate mudomo. Ukiingia utakula na nini?"

Uani wakacheka, hata mzee Mwamba. Shavu likatokea, kisha kidevu. Mtoto wa mwisho akasogea, akakigusa. "Papa!" Fimbo ikaondoka mlangoni.

Jioni Gisèle alikuja kwa Noémie, mashini mkononi, imeoshwa na kukaushwa. Wembe ulikuwa umeisha makali. Noémie aliipokea kwa mikono miwili, akairudisha ndani ya kopo.

"Siku ile uliniuliza, minyi nachungia nani," akasema taratibu. "Na minyi sikujua, mudogo wangu. Leo Mungu amenionyesha."

Gisèle akaweka kiganja chake juu ya kopo, kama mtu anayebariki kichwa cha mtoto. Akavuta kitambaa juu ya kichwa chake kilichoanza kuota nywele, akatoka.