Mto wa Bibi Nyonga

Wateja ndio waliompa jina la Bi Pini, kwa sababu ukifika barazani kwake kupimwa nguo utamkuta midomo imebana pini, na ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini atakujibu kwa nyusi. Alikuwa mjane, mtu wa ibada, asiye na haraka. Hakutia mkasi kwenye kitambaa kabla hajafumba macho na kumwomba Mola amwongoze mkono. Na hakuna kazi aliyoimaliza bila kuzoa vipande vilivyobaki na kuvishindilia ndani ya mto. Mito hiyo aliwagawia wazee wa nyumba ya ibada, maana mabenchi ya mle yalikuwa magumu kuliko mahubiri yenyewe.

Baraza alilokuwa akishonea lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kwa miaka shemeji alikuwa amenyamaza, ila safari hii alikata shauri kulizungushia ukuta alifanye duka la simu.

"Shemeji, mimi sikufukuzi," alisema siku moja, huku anapima baraza kwa kamba. "Nakupumzisha."

Bi Pini alitema pini kiganjani. "Nani kakwambia nimechoka?"

"Hizo cherehani zitakaa stoo. Si maziwa hizo, hazitachacha."

"Na mimi nitakaa stoo pamoja nazo?"

Shemeji alicheka, akaendelea kuvuta kamba yake. Mwisho wa mwezi, alisema, mafundi ujenzi wanaingia.

Bi Pini hakubishana. Baraza halikumuuma sana. Kilichomkaa rohoni ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, aliyeshona naye bega kwa bega tangu alipoolewa. Baraza likifungwa, binti angekwenda kwenye kiwanda cha sare katika mji mwingine. Nafasi walikwishampa, wanangoja jibu tu. Na angeondoka na mjukuu mgongoni.

Ndipo likatangazwa shindano. Lilikuwa la wabunifu wa mavazi wasiopenda kutupa: kila mshindani anakabidhiwa gunia la nguo kuukuu, anashona vazi jipya, na hatupi hata kipande. Mshindi angepewa chumba cha kushonea katika jengo la mafundi, chenye dirisha linalotazama barabara.

"Chumba hicho ni chetu," alisema Bi Pini walipokuwa wanalikokota gunia lao kwenda nyumbani.

"Mama! Hata gunia hatujalifungua."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Usije kusema baadaye nilibahatisha."

Gunia lilitoa suruali za jinzi zilizotoboka magoti na mashati ya mistari yaliyochakaa shingoni. Mkwe alichora koti refu la kuvaliwa pande zote mbili: upande mmoja jinzi, ukiligeuza unakutana na mistari. Bi Pini aliutazama mchoro kwa muda, akausogeza mfuko mmoja chini kidogo, kisha akafumba macho yake, akaomba, akashika mkasi. Walishona wakisemezana na kutaniana, na koti likatoka la kumfanya mtu asimame alitazame. Hata shemeji alilijaribu kwa siri, wakamfuma.

Asubuhi ya shindano mkwe alikuja mbio barazani, gunia tupu mkononi.

"Mama, mabaki yako wapi? Vile vipande?"

"Nimeshavishonea mto. Jana nimempelekea Bibi Nyonga."

Binti aliketi sakafuni kama aliyekatwa miguu. "Mama, tumekwisha. Vazi na mabaki vinapimwa pamoja kwenye mizani. Kinachopungua kwenye uzito wa gunia kinahesabiwa tumekitupa. Nilikusomea sharti hilo, ukaitikia kwa kichwa!"

"Nilikuwa nageuza kola," alisema Bi Pini. "Nikigeuza kola mimi naitikia kila kitu."

Yeye alisikia neno moja tu, kwamba kisitupwe kitu, na kwake kipande kilichomo ndani ya mto hakijatupwa. Alijifunga kitambaa kichwani. "Inuka, mwanangu. Mto hauna miguu."

Kweli haukuwa na miguu, ila ulikuwa na mwenyewe. Bibi Nyonga alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mzee wa maneno, nyonga yake mbovu ikimfanya akae upande. Walimkuta mlangoni juu ya mto wake, anachambua mboga.

"Bibi, shikamoo. Tumekuja kuuazima mto," alisema Bi Pini.

"Marahaba. Ulinipa nikalie, nakalia."

"Tutaurudisha leo leo."

"Zawadi inaazimwa? Usiku wa jana nimelala bila kuguna, mara ya kwanza tangu sijui lini. Halafu asubuhi mnakuja kuniondoa juu yake kama kuku juu ya mayai!"

Mkwe alianza kueleza habari za mizani na gunia na kiwanda cha sare, machozi yakimlengalenga. Bibi Nyonga alimsikiliza, kisu kimesimama hewani.

"Kumbe mtoto anataka kuondoka na mjukuu?" aliuliza. "Na mimi nitamgombeza nani? Basi mto unakwenda. Lakini hauendi peke yake. Ulipo mto, na mimi nipo."

Kwa hiyo waliingia ukumbini watatu: mkwe na koti, Bi Pini na gunia, na Bibi Nyonga na mto kwapani, akaukalia mstari wa mbele kabisa.

Alama za mavazi zilitolewa kwanza. Gauni la kijana mmoja mwenye miwani nyekundu lililipita koti lao kwa alama chache tu. Yalibaki mabaki. Jaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikwenda mezani kwa mmoja mmoja, akapima na kuuliza mabaki hayo yataishia wapi.

"Nitayatafutia matumizi," alijibu kijana wa miwani, akionyesha mfuko wake uliofungwa vizuri.

Zamu yao ilipofika, Bi Pini alimgeukia Bibi Nyonga. "Simama kidogo, Bibi."

Bibi alisimama akilalamika, mto ukawekwa kwenye mizani juu ya koti. Mshale ulipita alama ya gunia.

"Umezidi!" alisema kijana wa miwani. "Mheshimiwa jaji, foronya ile imetoka wapi?"

Foronya ilikuwa ya mistari, inafanana na mashati ya gunia kama pacha. Mkwe alimtazama mama mkwe wake bila kupepesa. Neno moja la uongo lingetosha, na pengine wangesema mizani imekosea.

"Foronya ni pazia langu la zamani," alisema Bi Pini. "Halikutoka kwenye gunia. Kijana amesema kweli."

Alichomoa wembe aliokuwa ameukunja kwenye kitambaa cha kichwani, akaufumua mshono mbele ya watu wote. Vipande vikamwagika mezani: viuno vya suruali, magoti, shingo za mashati, na hata nyuzi alizokuwa amezivingirisha. Aliweka foronya kando. Mizani ikapima upya. Mshale ulicheza, ukatulia chini ya alama kwa upana wa uzi.

"Hilo ni vumbi," alisema Bi Pini. "Hilo nililifagia."

Watu wakacheka. Jaji naye akajizuia, akashindwa. "Na mabaki haya yataishia wapi, mama?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma yake. "Yanaishia chini yangu! Na mimi hapa nimesimamishwa muda wote, nyonga inanitwanga!"

Ukumbi uliangua kicheko. Majaji walijifungia chumba cha pili kushauriana. Mkwe alikuwa anauma kucha. Bi Pini aliona hakuna maana ya kukodolea macho mlango uliofungwa. Alirudisha vipande ndani ya foronya, akabana pini midomoni, akaanza kushona. Aliomba kimyakimya, sindano ikiingia na kutoka.

Jaji alipanda jukwaani. Alisema siku hiyo alikuwa amepima mabaki ya watu wengi, lakini hayo tu ndiyo aliyoyakuta yakiwa na mtu amekaa juu yake. Kisha akamwita Bi Pini na mkwe wake waje kuchukua ufunguo wa chumba.

Mkwe alirukaruka kama mtoto. "Mama! Mama, ni sisi!"

Bi Pini aliinua kidole kimoja: subiri. Ukumbi mzima ukasubiri. Alimaliza pembe ya mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akauweka mto kwenye kiti. Bibi Nyonga aliketi, akajisogeza huku na huku mpaka ukamkaa sawa.

"Haya nendeni," alisema. "Mnangoja nini?"

Njiani kwenda jukwaani Bi Pini alitema pini kiganjani na kumwinamia mkwe wake sikioni.

"Nilikwambia mapema," alisema.