Mshono wa Chini

"Mimi nileteeni gunia la hela, liwekeni hapa katikati, halafu nendeni mkalale. Mkirudi mtalikuta limekaa vilevile, na vumbi nimelifuta."

Hayo yalikuwa maneno ya Kopo, fundi makochi, kila akimaliza kula mchana, akiwa amejilaza kwenye kochi la mteja ambaye hajamaliza kulipa. Seremala, waliyepanga naye kibanda kimoja, huyu upande wa maranda na yule upande wa sponji na gundi, alikuwa na jibu lake ambalo nalo lilikuwa halichoki.

"Vumbi utalifuta, ndiyo. Na gunia litakuwa limekonda."

"Cheka. Nani mwingine mji huu ana kopo?"

Hapo seremala alirudi kupiga randa, maana kopo lilikuwepo kweli. Lilikuwa kopo la rangi la lita moja, limeoshwa, linaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Kochi ukilipasua linatapika: sarafu, vifungo, vibanio vya nywele, kijiko, kalamu, na siku moja jino la bandia. Mafundi wengine hicho kinachotoka ni bahati yao, wanatia mfukoni wanasonga mbele. Yeye alitia kwenye kopo. Kochi likikamilika, anafunga vitu vyote kwenye kimfuko na kumkabidhi mwenyewe. Mwenye jino alilia machozi. Tangu hapo jina la Kopo likamganda, na jina alilopewa na wazazi hata mkewe alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka.

Sifa ya pili ilikuwa mshono. Kopo alikuwa na sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, na kwa sindano hiyo aliunganisha vitambaa viwili mpaka ukadhani vimezaliwa pamoja. Mshono mbaya ulimwasha mwilini. Akipita mtaani akaona kiti cha mtu kimeshonwa ovyo, alisimama kukitazama kama mtu aliyeona ajali.

Kitu kimoja tu hakikuwa chake: cherehani. Alikuwa amekodi, na mwenye cherehani, mama mmoja mwenye sauti ya upole ya kutisha, alikuwa ameshasema kwamba kodi isipolipwa, safari ijayo atakuja na mkokoteni.

Mkokoteni uliotangulia kufika ulileta kiti.

Nyuma yake alikuja dada mmoja, ameshika mgongo wa kiti kama anayesindikiza mgonjwa. "Cha baba," alisema. "Mshona viatu wa pale kona ya stendi."

"Yule mzee mkali? Aliyenifukuza kwa kuuliza bei mara mbili?"

"Ukali umekwisha, fundi. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na mdomo nao."

Kopo aliacha mzaha. "Pole sana, dada."

"Kila siku anakinyooshea kidole hiki kiti. Tukimkalisha, hatulii. Tukimwondoa, analia. Halafu anashona hewa." Dada akaonyesha: mkono wa kushoto ukavuta uzi usioonekana, mrefu, mpaka mbali na kifua, ukarudi, ukavuta tena. "Tukasema labda anaona aibu. Watu wanakuja kumjulia hali na kiti kimetoa matumbo nje. Basi ndugu tumechanga. Ila ni juu tu, fundi. Mikono, mgongo, na pa kukalia. Chini paache, hela haifiki."

"Chini nani anapaona?" Kopo akamwambia. "Nitakirembesha hiki kiti mpaka mzee atake kuoa."

Dada akacheka, na kwa kicheko hicho ikaonekana kwamba hajacheka siku nyingi.

Seremala alikuwa ameenda kufunga mlango wa mtu. Kopo akakipindua kiti ili ang'oe misumari ya kitambaa cha zamani, na hapo ndipo alipouona. Kitambaa cha chini, kile ambacho huwa kinapigiwa misumari tu basi, kilikuwa kimepasuliwa katikati na kushonwa upya kwa uzi mweusi mnene uliopakwa nta, hatua kubwakubwa, kama ubavu wa buti la askari.

"Mzee amekivisha kiti kiatu," alisema peke yake, akacheka.

Halafu akawashwa. Chini hapakulipiwa, hapakuagizwa, wala hakuna ambaye angepaona. Lakini jicho lilirudi pale, na likarudi tena. Nitaufumua niushone vizuri, alijiambia, dakika mbili, zawadi kwa mgonjwa. Akapitisha wembe.

Zikadondoka. Bunda la kwanza lilianguka kwenye mguu wake, limefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira uliokatwa kwenye tairi ya baiskeli. Akaingiza mkono, ukaja na lingine, na lingine, na ndani kabisa, yamebanwa kwenye springi, mengine. Noti za kila rangi, nyingine zina weusi wa dawa ya viatu.

La haki tuliseme: kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua kopo. Akaanza kutia. Bunda moja likaingia, la pili likasukumwa, la tatu likagoma. Akasimama na bunda mkononi, anatazama kopo limejaa mpaka mdomoni na chini bado kuna rundo. Uaminifu wake wote ulikuwa na kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa lita moja.

Hakuzihesabu. Alijiambia kwamba mtu akishahesabu, ameshaamua. Akazitia kwenye sponji ya benchi lake la kazi, akafunika, akakaa juu yake ili afikiri.

Atampa yule dada. Ndiyo, akija tu. Lakini je, mzee hakuwaficha watoto wake? Angetaka wajue, si angewaambia siku zile ana mdomo? Labda kuna mlevi ndani ya nyumba, labda huyohuyo dada ana mume wa ajabu. Hela ya mtu anapewa mwenyewe mkononi. Na mwenyewe hasemi. Basi asubiriwe apone. Kwa hatua hizo, moja ndogo baada ya nyingine, Kopo akajikuta ameteuliwa kuwa mtunza hazina wa mtu ambaye hakumteua.

Mwenye cherehani alikuja na mkokoteni kama alivyoahidi, na vijana wawili wa kubeba.

"Mwanangu," alisema kwa ule upole wake, "fumua uzi wako, tunaondoka."

Kopo alisema asubiriwe nje kidogo. Aliingiza mkono kwenye sponji akitaka kodi ya nyuma tu. Atairudisha, ni mkopo, na mzee angemkopesha kabisa kama angeweza kuongea. Lakini alipotoka na noti mkononi, mdomo ukauliza wenyewe: "Na ukiniuzia moja kwa moja, ni kiasi gani?"

Seremala alirudi akakuta fundi anaifuta cherehani kwa kanga safi.

"Vipi, imehama chama?"

"Nimenunua."

"Kwa hela ipi? Umeivuta kwa sumaku?"

"Shemeji kanisaidia."

"Shemeji yako yupi? Yule anayekuja hapa kuomba nauli ya kurudia kwake?"

"Amepata."

Seremala akamtazama, kisha akapiga goti chini, mikono kifuani. "Basi nitafutie na mimi dada wa kuoa kwenye huo ukoo."

Walicheka wote wawili. Kopo alicheka muda mrefu kuliko mwenzake.

Kwa cherehani hiyo akakishona kiti. Kazi ilikuwa safi. Kiti kilishonwa kwa mashine iliyonunuliwa na tumbo lake lenyewe, na hakikulalamika. Ikabaki chini. Angeweza kupaacha pamepasuka. Angeweza kutafuta uzi mnene, aupake nta, aige zile hatua za buti. Alijaribu. Akatia hatua mbili, akazitazama, mkono ukakataa. Ulikuwa mkono ambao haujawahi kushona vibaya kwa makusudi, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuubishia jambo lolote. Akachukua ile sindano ya ukucha wa paka, akaunganisha kitambaa mpaka kovu likapotea, na kwa muda huo mfupi akiwa ameinama alisahau kila kitu kingine na kuwa na furaha.

Siku moja kabla ya kukabidhi kazi, dada alipita kibandani. Alikuwa amepungua.

"Fundi, nikuulize. Kule chini hukukuta kitu?"

"Kama nini?"

"Hata sijui. Juzi baba alijitupa kutoka kitandani. Tulimkuta sakafuni, ameingiza mkono chini ya kitanda anapapasa, anapapasa. Ndipo nikawaza, au kuna kitu."

Kopo alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Alihisi pembe za mabunda chini ya mapaja, kwenye sponji, kama mtu aliyekalia ngazi.

"Chini mlisema niache," alijibu. "Nikaacha. Sijatia hata sindano."

"Basi. Ni akili ya shida hiyo." Dada akafuta jasho. "Yule wa mazoezi, anayemnyoosha mkono na ulimi, hatuna cha kumlipa tena. Wiki hii ndiyo mwisho. Na alikuwa ameanza, fundi. Alishaanza kutoa 'ki'. Siku nzima, ki, ki, ki. Daktari kasema tukimwachisha sasa, huo mlango unajifunga, na haufunguki."

Kopo alikuwa na nafasi. Kusimama tu, na kuinua sponji. Hata cherehani angeweza kuieleza, angelia kidogo, angesamehewa, watu husamehe. Alifika mpaka kukunja vidole ukingoni mwa benchi.

"Pole, dada," alisema. "Kiti nitawaletea mwenyewe mpaka nyumbani. Bure."

Alimwomba seremala amsaidie kubeba. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ukutani bado zimening'inia kalibu za viatu, na harufu ya ngozi na dawa ya viatu haijatoka. Mzee alikuwa kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko alivyokuwa pale kona ya stendi. Alipoona kiti kinaingia mlangoni alianza kutikisa mkono wa kushoto.

"Ki," alisema. "Ki. Ki."

"Ndiyo, baba, kiti chako, kizuri, kitazame," dada akasema, na wakasaidiana kumkalisha.

Kopo akatoa kimfuko chake kama ilivyo desturi. "Na hivi ndivyo vilivyotoka ndani." Sarafu mbili, kitana kilichokatika, na msumari mmoja wa kiatu.

Dada alivishika kiganjani, macho yakajaa. "Hata msumari! Baba, ona. Fundi huyu hata msumari wako amekurudishia."

Mzee hakutazama msumari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshuka kando ya kiti, ukapita chini, ukatulia. Vidole vikaanza kutembea. Vilikwenda mbele, vikarudi, vikatafuta pale palipokuwa na hatua kubwakubwa za uzi wenye nta. Vikakuta laini. Vikarudi tena. Kisha mzee akainua uso na kumtazama Kopo, na nusu ya uso ile iliyokuwa hai ikajikunja.

"Amefurahi," dada akasema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika.

Mzee akautoa mkono. Akashona hewa kama siku zote, mvuto mrefu, mpaka mbali na kifua. Akatikisa kichwa: hapana. Halafu akabana vidole viwili, akashona kidogokidogo, kwa mzunguko, kama anayeshika sindano iliyopinda. Na vidole hivyo viwili, vikiwa bado vimebana, akavinyoosha kuelekea kifuani kwa Kopo.

Dada akatazama mkono, akamtazama fundi. Akapiga magoti sakafuni, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa saruji, akachungulia chini ya kiti.

"Kuna mshono huku," alisema. "Mpya. Katikati kabisa."

"Utakuwa wa zamani," Kopo akasema. "Labda kuna fundi aliwahi kukigusa. Mimi chini sikufika."

"Wa zamani na uzi unang'aa?"

"Dada, hebu nami nione." Seremala, ambaye alikuwa ameegemea mlango akisubiri maji ya kunywa, akaja akapiga magoti, na dada akainuka kumpisha. Alichungulia, na papo hapo uso wake ukachanua, uso wa mtu anayepata nafasi ya kumsifia rafiki nyumbani kwa watu.

"Aa, dada, usihangaike," alisema kutoka kule chini. "Huyu ni Kopo mwenyewe. Mji mzima huu hakuna mkono mwingine unaoshona hivi. Mimi mshono wake hata mniamshe usingizini nitautambua. Ona, hata pa kuanzia hapaonekani! Na chini hamkumlipa, eh? Amewafanyia hivihivi tu, ndivyo alivyo..."

Akaendelea kutabasamu kidogo, akitazama miguu ya watu: ya dada, isiyotikisika, ya mzee, na ile ya Kopo iliyoanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, tabasamu likaanza kumtoka polepole.

"Kopo," aliita. "Shemeji yako anaitwa nani vile?"

Juu ya kichwa chake mzee alikuwa ameanza tena, ki, ki, ki, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu chumbani aliyehitaji kutafsiriwa.